Mikwiro Aliyoondoka Nayo Byenkya

Mambo yaliharibika siku ya pili ya mwezi mwandamo, mwezi ule wa kuvuna ulezi, jua likiwa limepanda kimo cha mkuki juu ya vilima. Naitaja siku yenyewe kwa sababu wapo wanaopenda kusema yalianza zamani, tangu mababu, Waganda na sisi Wanyoro tukigombea mpaka na ng'ombe na chumvi. Ugomvi ni wa zamani, sikatai. Lakini asubuhi ya siku ile nilikuwa na mke, na jioni yake sikuwa naye. Kwangu yalianzia hapo.

Kazi yangu ilikuwa kulinda ngoma. Ngoma ilikaa juu ya mwamba, ukingoni mwa genge, na chini yake, mbali kiasi kwamba ukidondosha jiwe unasahau kusikiliza, ndiko Kibiro kwenyewe, kijiji cha chumvi kilichobanwa kati ya mawe na ziwa. Huko chini hakuoti hata mboga. Wenye mali ni wanawake. Kila mmoja ana bustani yake ya chumvi aliyoachiwa na mama yake, kipande cha ardhi yenye unyevu wa moto kilichozungushiwa mawe. Asubuhi hutandaza udongo mkavu, ukanywa chumvi mchana kutwa, jioni akaukwangua, akauchuja kwa maji, maji yakaenda motoni. Mwanamume hakanyagi humo. Sisi waume wao tunavua samaki, tunapasua kuni, tunapanda genge na chumvi mgongoni kutafuta ulezi, na ndugu zetu wa huko juu wanatucheka kwamba sisi ndio tulioolewa.

Mimi ni wa huko juu. Nilimfuata Nyamaizi nikashuka, wala sikujutia. Mwaka ule wa kwanza nilimuuliza, "Atwooki, nitafanya nini hapa? Kuvua sijui." Atwooki ndilo jina lake la mapenzi, na ndilo nililomwita siku zote.

"Mikono yako mizito mno kwa nyavu," akasema. "Nenda kapige ngoma. Huko hakuna samaki wa kukukimbia."

Ndiyo nikapewa ngoma, mimi na mwenzangu Baguma, tuliyemwita Apuuli. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Waganda wakionekana, tunapiga. Wanawake wanaacha majungu motoni, wanakimbilia mitumbwi, wavuvi wanapiga makasia hadi kwenye kina kirefu. Waganda wana mitumbwi mikubwa kuliko yetu, lakini iko kwenye ziwa lao, hawawezi kuibeba kichwani. Wanafika, wanakuta moshi, wanavunja majungu, wanachukua chumvi iliyofungwa, wanatutukania mama zetu kutoka ufukweni, wanaondoka. Ilikuwa hivyo mara mbili. Mara mbili hatukuzika mtu.

Nyamaizi alikuwa na kipimo chake. Ngoma ikilia wakati jungu limeanza kutoa mvuke, yeye alikuwa ndani ya mtumbwi kabla halijafurika. Tena alikuwa anaujua mkono wangu. Apuuli hupiga harakaharaka, kama mtu anayefukuza nyani shambani. Mimi napiga mbili nzito, naacha pumzi, mbili tena. "Ukipiga wewe," alikuwa akisema, "najua bado u mzima huko juu."

Sasa niseme habari za Byenkya.

Byenkya ndiye mkuu wa nchi yetu, aliyepewa na Mukama, mfalme wetu, atutawale, yeye na tumbo lake. Kila mwezi ukiandama wakuu wote huenda ikulu, mwendo wa nusu siku, na huko ngoma za Mukama hulia mchana na usiku kwa siku nne, watu wakinywa. Sasa, mwezi uliotangulia ule ninaosimulia, Apuuli aliona vumbi mbugani, akapiga. Kumbe swala. Kundi la swala limekimbizwa na moto wa nyasi. Wanawake wakarudi kwenye majungu yao wakicheka, na Nyamaizi akampigia Apuuli kelele alipokuwa akishuka jioni, "Shemeji, hao swala walishika mikuki kwa mkono wa kushoto au wa kulia?"

Yangeishia hapo. Lakini vijiji vya juu vilipoisikia ngoma yetu navyo vilipiga, kama inavyotakiwa, na kijiji kikakipokeza kijiji mpaka mlio ukafika ikulu, katikati ya ngoma za Mukama. Watu wa ikulu wakaulizana ni nani huyo anayejibizana na Mukama. Byenkya akapigishwa magoti juani tangu asubuhi hadi jua likazama, wakuu wenzake wakimpita na vibuyu vyao vya pombe.

Alirudi magoti yamevimba. Akapanda mwamba wetu akishikiliwa na watu wawili.

"Siku za mwezi," akasema, "inalia ngoma ya mtu mmoja tu katika nchi hii. Ya nani?"

"Ya Mukama," tukajibu.

"Na hii?"

Tukaitazama ngoma.

"Hii ni ngozi ya ng'ombe aliyekufa."

Apuuli hawezi kuuzuia mdomo wake. "Mkuu," akasema, "na Waganda wakija siku za mwezi?"

"Kwani kwao mwezi hauandami? Nani anaanza vita na mwezi mchanga?" Watu wake wakacheka, maana alikuwa ametulia akisubiri wacheke. "Mkiona kitu, tumeni mtu ikulu. Nitatoa ruhusa."

"Nusu siku kwenda, nusu siku kurudi."

"Basi akimbie sana."

Kisha akanyoosha mkono nikampa mikwiro, ile miti miwili ya kupigia, iliyokuwa imelainika kwa jasho la mikono yangu. Akaibana kwapani. Hakumtazama tena Apuuli, ambaye mkewe anaishi juu na hana bustani. Alinitazama mimi.

"Araali, mke wako ana ile bustani ya karibu na chemchemi. Nzuri ile. Mke wangu mdogo ananisumbua kila siku, anataka bustani. Ngoma hii ikilia siku za mwezi, aliyeipiga anakatwa mkono, na wewe, awe nani aliyepiga, ukiwa hapa na hukumzuia, bustani ya mkeo nampa mke wangu. Umenielewa?"

Nikasema nimemwelewa. Ningesema nini?

Nilimwambia Nyamaizi siku hiyohiyo. Alikuwa anakwangua, mimi nimesimama nje ya mawe kama kawaida. Hakuinua kichwa.

"Akiichukua, Kunihira atakula nini?" akasema. Kunihira ni binti yetu, mmoja tu, na wakati ule washenga walikuwa wameanza kuja, na kilichowaleta ni bustani hiyohiyo. "Usimpe sababu, Araali. Nakuomba."

"Na Waganda?"

"Siku za mwezi? Hawana wazimu."

Sote tuliamini hivyo. Mwezi mchanga ni wa kukaa nyumbani, wa kunyoa nywele, wa kutoa kibuyu kwa wazee waliolala. Hata anayedai ng'ombe wake haendi kudai. Na Waganda, ambao wamekaa jirani nasi miaka yote hiyo, walijua vizuri kabisa kwamba tunaamini hivyo.

Basi siku ya pili ya mwezi, jua kimo cha mkuki, mimi na Apuuli tumekaa kwenye mwamba tunatafuna buni. Ngoma ipo katikati yetu, haina mikwiro. Swala wakaanza kupita. Si kundi moja, makundi, na nyuma yao ndege.

"Safari hii mimi sisemi kitu," Apuuli akasema. "Nikisema Waganda, watageuka swala. Wacha niseme ni swala."

"Ni swala."

"Ndiyo. Wanakimbia nini?"

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Kulikuwa na moshi upande wa kusini, mwembamba, kisha wa pili, kisha wa tatu, kama kuna mtu anatembea na kuwasha vijiji kimoja baada ya kingine. Chini yetu nako kulikuwa na moshi, ule wa chumvi, na nilikuwa ninaujua wa nyumba yangu kati ya yote.

"Araali."

"Naona."

"Huna haja ya mikwiro. Nina rungu."

"Ngoja kwanza tuone ni akina nani. Wanaweza kuwa watu wa Mukama wanarudi."

"Wanarudi wakichoma vijiji vya Mukama?"

Tukabishana kidogo. Nilimwambia tumtume mtu ikulu. Akaniuliza mtu yupi, sisi tuko wawili. Nilimwambia tusubiri tuone ngao. Nilikuwa nazunguka ile ngoma, nakumbuka, naizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na mikono yangu ilikuwa inawasha. Apuuli akasema, "Acha kuzunguka, unanitia kizunguzungu." Nikaacha. Nikaanza tena.

Ngao zikaonekana. Ndefu, zenye nundu katikati, zile za Waganda. Nguo za magome zimefungwa begani, rangi ya kutu, watu wengi kiasi kwamba nyasi zilikuwa zimebadilika rangi.

"Swala wa leo wamebeba ngao," akasema Apuuli, wala hakucheka. Akaliinua rungu.

Nikamshika mkono.

Nawaambia nilivyofikiri, kwa sababu baadaye watu wengi wamenifikiria badala yangu. Nilifikiri: nikishuka mwenyewe, kwa miguu yangu, nikawaambia kwa mdomo wangu, watakimbia wote, na ngoma itakuwa haikulia. Byenkya hatakuwa na neno. Bustani itabaki. Kuna njia mbili za kushuka Kibiro: ile ya wapagazi, pana, inayopinda mara saba, na ile ya mbuzi, ambayo ni kuteleza tu na mawe moja kwa moja kutoka kwenye mwamba wetu. Waganda walikuwa wanaelekea kwenye njia ya wapagazi. Mimi nikachukua ya mbuzi.

"Usipige," nilimwambia Apuuli. "Naenda kuwaambia."

"Wewe ni mwendawazimu," akasema. Ndilo neno la mwisho alilonipa akiwa na vidole vyake vyote.

Niliteleza, nikaanguka, nikachubuka magoti, kiganja kikapasuka. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia juu yangu ngoma inalia. Harakaharaka, bila pumzi, mlio wa rungu na si wa mikwiro, mlio mbaya kama wa mtu anayegonga mlango. Apuuli alikuwa amechoka kusubiri. Nikapiga kelele anyamaze. Fikirieni hilo. Nimening'inia kwenye jiwe, Waganda wako ukingoni, na mimi namfokea mtu anayeokoa kijiji changu.

Nilipofika chini jua lilikuwa utosini. Mitumbwi mingi ilikuwa imeshatoka, wengine walikuwa wanasukuma, majungu yanafurika na kuzima moto. Nikamwona Kunihira amesimama majini, maji kiunoni, ameshika ubavu wa mtumbwi na hataki kupanda.

"Mama yako?"

"Kapanda."

"Mtumbwi upi?"

"Kapanda genge, Baba. Njia ya wapagazi. Ngoma ilipolia alisimama akasikiliza. Akasema, huo si mkono wa Araali, amepatwa na kitu huko juu. Akaniambia nikimbilie mtumbwi, yeye anakuja."

Niligeuka. Waganda walikuwa kwenye mpindo wa nne, wanashuka, na ngao zao zilikuwa zinamulika kila zinapogeuka. Nilikimbia kuwaelekea, sijui nikiwa na nini mkononi. Wavuvi wawili wakanikamata. Mmoja akanipiga kasia la shingo, nikaamka niko katikati ya ziwa, kichwa changu mapajani mwa binti yangu, naye ametazama ufukweni.

Walikaa hadi jua linashuka. Walivunja kila chombo. Walifunga chumvi. Mmoja wao alisimama ufukweni akatuita, "Wanyoro, mwezi umewapatia nini?" akachekwa na wenzake, na sauti ikatufikia vizuri kabisa juu ya maji. Kisha wakapanda walikotoka.

Nyamaizi tulimkuta kwenye mpindo wa tatu kutoka chini. Chuma chake cha kukwangulia kilikuwa bado mkononi. Alikuwa na kidonda kimoja tu, cha mbele. Wapagazi wawili walikuwa wamelala juu kidogo. Watatu basi, kijiji kizima. Watu walisema tumebahatika.

Byenkya alirudi siku ya tano, siku za mwezi zilipokwisha. Alikuja na mikwiro imefungwa ndani ya nguo ya magome, mpya, akanirudishia mbele ya watu kana kwamba ananizawadia. Akaketi. Akauliza nani alipiga.

"Mimi," akasema Apuuli.

"Kwa amri ya nani?"

"Ya Waganda, Mkuu."

Hakuna aliyecheka, ingawa nilimwona mwanamke mmoja ameziba mdomo. Byenkya akasema yeye si mtu katili. Akasema kwa kuwa ngoma ilipigwa kwa rungu na si kwa mikwiro halali, hatakata mkono. Vidole viwili vitatosha. Wanawake waliokuwa hai kwa sababu ya vidole hivyo walikuwa wamekaa palepale, na watoto wao, na waume zao. Hakuna aliyesimama. Nami sikusimama. Apuuli aliweka mkono kwenye gogo mwenyewe, akageuza uso akatazama ziwa.

Kisha Byenkya akaniita mimi.

"Huyu ndiye mtu," akawaambia. "Amemwona adui kwa macho yake mawili, mke wake yuko chini, na bado ameikumbuka amri. Amekataza, na aliposhindwa akaondoka asiwe mshiriki. Ningekuwa na watu kumi kama huyu." Akanipa ng'ombe, mweusi mwenye baka jeupe shingoni, na ndama wake.

Nilimuuliza. Watu wengi hawajui kwamba nilimuuliza. Nilisema, "Mkuu, ile mikwiro uliondoka nayo ya nini? Ulikuwa unataka kuipiga huko ikulu?"

Akamwambia mtu wake, "Ana huzuni. Mpeni kamba ya ng'ombe wake."

Nikaipokea kamba. Nani angeikataa mbele ya wale wenye mikuki? Nilipokuwa nikiondoka nikapishana na Apuuli, mkono umefungwa majani.

"Hongera, Araali," akasema. "Maziwa yakikuzidi, unikumbuke."

Wakubwa ndivyo walivyo. Wanapigishwa magoti na wakubwa wao, halafu wanakuja kuyaponyesha magoti yao juu yetu. Byenkya bado anakwenda ikulu kila mwezi, bado anakunywa. Mukama aliambiwa kwamba Waganda walirudishwa nyuma kwa ushujaa wa mkuu wa Kibiro. Naambiwa amepewa kofia ya shanga.

Bustani haikuguswa. Ilikwenda kwa Kunihira kama ilivyotakiwa iende, mawe yaleyale, mahali palepale. Ndiye anayetandaza sasa. Ngoma wamepewa wengine, mimi siwezi tena kukaa karibu nayo, wala karibu na kitu chochote kwa muda mrefu. Nakula nimesimama. Nikiketi kwenye kigoda najikuta nimeshafika ziwani. Kazi niliyobaki nayo ni kumkamua yule ng'ombe, maana ni kazi ya mwanamume, na kila asubuhi humpelekea binti yangu maziwa kwenye kibuyu, nikasimama nje ya mawe nikisubiri.

Hajawahi kuyanywa. Mwanzoni alisema ameshiba. Baadaye alisema maziwa yanamsokota. Huwapa watoto wa jirani, nami najifanya sijui.

Juzi alikuja hadi ukingoni mwa bustani akiwa na chuma cha mama yake, udongo hadi viwikoni. Akakitazama kibuyu, hakukipokea.

"Nimezungumza na Baba Apuuli," akasema.

"Amekwambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Nilimuuliza jua lilikuwa wapi mlipowaona, akanionyesha kwa mkuki. Kimo cha mkuki mmoja, Baba. Na ulipofika chini nilikuona mwenyewe, lilikuwa utosini." Akafuta kile chuma kwenye nguo yake, upande huu, kisha upande ule. "Nimeshuka njia ya mbuzi jana. Polepole, na mzigo. Jirani aliweka jungu motoni aliponiona nimeanza kushuka, na nilipofika chini lilikuwa halijachemka. Kwa hiyo nataka uniambie tu, sitakasirika. Katikati hapo, muda wote huo, ulikuwa wapi?"